Jina la Kompyuta na Haki ya Karani: Somo la Kubadili Majina ya Kompyuta Nyingi kwa Mkupuo

Ndugu mkazi, ukifika katika ofisi ya umma kulipa ushuru au kufuatilia kibali, unamwona karani, unaiona kompyuta yake, na pengine unaisikia printa ikinguruma chumba cha pili. Usichokiona ni kwamba kompyuta ile ina jina. Halihusiani na jina la kampuni iliyoitengeneza lililochorwa kwenye kifuniko. Ni jina ambalo kompyuta nyingine za ofisi huitia, kama vile jirani anavyokuita kutoka upande wa pili wa barabara. Jina hilo likikosewa, stakabadhi yako haitoki, na jibu utakalopewa dirishani ni lile lile ulilolizoea: mtandao unasumbua. Mara nyingine mtandao hausumbui hata kidogo, bali mashine moja inaiita nyingine kwa jina ambalo halipo tena.

Somo hili linaeleza jinsi majina hayo yanavyobadilishwa yakiwa mengi, kwa programu badala ya mkono. Linawahusu kwanza watumishi na vijana wanaosimamia vyumba vya kompyuta mashuleni na katika vyama vya akiba na mikopo, lakini mkazi yeyote mwenye subira ataweza kulifuata.

Mwandishi aliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo haitatajwa hapa. Siku moja ilibainika kwamba kumbukumbu za malipo kadhaa zilikuwa zimerekebishwa baada ya saa za kazi. Ofisi ile ilikuwa na desturi mbaya: makarani wote wa chumba kimoja walitumia akaunti moja na nywila moja. Kwa hiyo mfumo haukuweza kumtaja mtu. Uliweza kutaja mashine tu, nayo iliitwa MAPATO-03. Karani aliyekuwa akikaa mbele ya kompyuta yenye stika ya MAPATO-03 aliitwa, akahojiwa siku mbili, na siku zile mbili watu aliokula nao chai kwa miaka walianza kukaa meza nyingine. Siku ya tatu fundi aliigeuza mashine ile, akaisoma namba ya kiwandani iliyobandikwa nyuma, akailinganisha na rejesta ya mali. Haikuwa MAPATO-03. Vyumba vilipopakwa rangi mwaka uliotangulia, kompyuta zilihamishwa, stika zikafuata meza, na majina ya ndani yakafuata mashine. MAPATO-03 ya kweli ilikuwa ghorofa ya chini, katika chumba kisicho na kitasa.

Baada ya mkasa ule uliamuliwa kwamba kompyuta zote, ambazo zilizidi 40, zipewe majina mapya. Kazi ilifanywa kwa mkono, kila mashine ikifunguliwa na jina kuchapwa na yeyote aliyekuwa karibu. Jumatatu iliyofuata foleni ilifika getini. Printa za pamoja hazikuonekana, mashine mbili zilipewa jina moja, na moja iliitwa MAPTAO-11. Kosa hilo la mwisho liliishi mwaka mzima, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuligusa tena.

Tuanze basi na lile lililomwokoa karani, yaani namba ya kiwandani, ambayo mafundi huiita siriali. Jina hubadilika, meza hubadilika, mtumiaji hubadilika, siriali hukaa. Imebandikwa nje ya mashine, na katika kompyuta nyingi za ofisi imeandikwa pia ndani, hivyo programu inaweza kuiuliza mashine ikiwa mbali nayo ikajibu. Kazi yoyote ya kubadili majina ambayo haikuanza na orodha ya siriali ni kazi ya kubahatisha. Orodha hiyo hupatikana kwa miguu: mtu apite chumba kwa chumba na daftari, asome namba, aandike iko wapi na inaitwaje leo. Huchosha na haina fahari yoyote, lakini ndiyo sehemu kubwa ya kazi nzima.

Linalofuata ni kuamua majina yenyewe, na hapa pana mengi ya kusema.

Kompyuta zinazotumia Windows zimefungwa na kanuni ya zamani. Mwaka 1983, mfumo uitwao NetBIOS ulipoanza kutumika katika mitandao midogo ya maofisi, jina lilitengewa nafasi 16, na katika Windows ya mwisho kati ya hizo huachwa kwa kueleza aina ya huduma. Zikabaki 15. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado ni 15. Sasa chukua jina ambalo mtu wa hapa kwetu angelifikiria kwanza: RUNZEWE-MASHARIKI-01. Lina herufi na alama 20. Likikatwa kwenye nafasi ya 15 linabaki RUNZEWE-MASHARI. Mashine ya pili, RUNZEWE-MASHARIKI-02, nayo ikikatwa inabaki RUNZEWE-MASHARI. Namba iliyokusudiwa kuzitofautisha imedondoka, na mashine mbili zimekuwa moja mbele ya mtandao. Ile ya kata jirani ikikatwa itakuwa RUNZEWE-MAGHARI. Majina haya yanatofautiana kwa herufi moja tu, S na G, na fundi anayeyasikia kwa simu katikati ya kelele za malori ya barabara kuu ana kila sababu ya kukosea.

Ipo pia tabia yetu ya R na L. Mji huu huandikwa Runzewe, na wapo wanaouandika Lunzewe, na mazungumzo yanaendelea bila mtu kupotea njia. Kompyuta haina uungwana huo. Kwake hayo ni majina mawili yasiyojuana. Kwa sababu hiyo ni afadhali kutumia vifupisho vilivyokubaliwa na kuandikwa mahali pamoja kuliko kumwachia kila mtu atamke na kuandika anavyosikia.

Herufi za kawaida, tarakimu na kistari vinatosha. Nafasi tupu haikubaliki, na jina la tarakimu tupu hukataliwa na Windows.

Zaidi ya herufi, swali zito ni maana. Mwaka 1990 Mmarekani Don Libes aliandika waraka mfupi wa ushauri juu ya kuchagua jina la kompyuta, na waraka huo umehifadhiwa hadi leo miongoni mwa nyaraka rasmi za intaneti kwa namba 1178. Alionya, pamoja na mengine, mtu asiipe mashine jina lake mwenyewe, wala jina la mradi ambao mashine hiyo inautumikia, kwa kuwa mashine huweza kuhamishiwa kazi nyingine. Sisi wa Bukombe tunaweza kumwongezea mfano wetu. Hadi mwaka 2012 wilaya hii ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo Mkoa wa Geita ukaanzishwa, na mwaka huo huo Mbogwe ikatoka Bukombe ikawa wilaya kamili. Fikiria kompyuta iliyobatizwa SHY-BKB-AFYA01 kabla ya hapo. Hakuna kilichoharibika ndani yake, lakini jina lake lingekuwa limeanza kusema uongo tangu siku ya tangazo. Kama ingetumwa Mbogwe wakati wa kugawana mali, lingesema uongo mara mbili.

Maoni ya mwandishi, na wapo mafundi watakaoyapinga, ni kwamba jina lisibebe mkoa wala idara. Idara huunganishwa na kutenganishwa kila muundo unapopitiwa upya. Libebe kifupisho cha taasisi, aina ya kifaa, na tarakimu za mwisho za siriali au namba ya rejesta ya mali. Kwa mfano BKB-M-00417, ambapo M ni kompyuta ya mezani na P ni mpakato. Jina kama hilo halipendezi kulitamka, lakini halitahitaji kubadilishwa kompyuta itakapohamia chumba kingine. Mahali ilipo pataandikwa kwenye rejesta. Tena, jina la kompyuta mara nyingi huonekana na yeyote aliyeunganishwa kwenye mtandao ule ule. Kuiita mashine MALIPO-SEFU ni sawa na kuandika mlangoni kwamba fedha zimo humu.

Orodha ya mashine na kanuni ya majina vikiwepo, jedwali huandaliwa kwa safu tatu: jina la zamani, siriali, jina jipya. Jedwali hili ndilo mpango, na baadaye ndilo ushahidi. Atakapokuja mkaguzi akauliza ni mashine gani iliitwa MAPATO-03 mwezi Mei, jibu litakuwa humo. Lisipokuwepo, mabadiliko ya majina yatakuwa yamefuta nyayo za watu wema na wabaya kwa pamoja. Hapo ndipo kazi ya kiufundi inapogusa haki ya mtu, na kwa hiyo jedwali lisiachwe kwenye kompyuta ya fundi peke yake. Lichapwe, lisainiwe, liwekwe kwenye jalada.

Sasa tuifikie programu. Windows ina chombo kiitwacho PowerShell ambacho hupokea amri zilizoandikwa, na miongoni mwake imo Rename-Computer, yenye kazi ya kubadili jina. Jedwali likihifadhiwa kama faili ya maandishi yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, na fundi akiwa tayari ameingiza kibali chake cha usimamizi, kiini cha kazi hutoshea mstari mmoja:

Import-Csv orodha.csv | ForEach-Object { Rename-Computer -ComputerName $_.Zamani -NewName $_.Jipya -DomainCredential $kibali -WhatIf }

Sehemu ya kwanza inasoma jedwali. Ya pili inasema: kwa kila mstari, fanya hivi. Kisha inatafutwa mashine kwa jina lililo kwenye safu ya Zamani, inapewa lililo kwenye safu ya Jipya, kwa kibali cha msimamizi. Neno la mwisho, WhatIf, ni breki. Likiwepo, kompyuta hueleza ingefanya nini bila kufanya chochote. Fundi asome maelezo hayo mstari kwa mstari, akiwa na mwenzake, kabla ya kuliondoa neno hilo. Mkono ukikosea, huharibu mashine moja. Jedwali likikosewa, huharibu zote kabla chai haijapoa.

Mstari ule peke yake hautoshi katika ofisi halisi, na ni vyema kusema kwa nini.

Kwanza, uulize siriali kabla ya kubadili. Programu iiite mashine kwa jina la zamani, isome siriali yake ya ndani, na iendelee tu kama inalingana na jedwali. Isipolingana, iiruke na kuiandika kwenye ripoti. Bila hatua hii tutakuwa tumeuendeleza mkasa wa stika kwa kasi ya umeme.

Kuna pia shida ya mapacha. Ofisi inaponunua kompyuta kumi, fundi huiandaa moja vizuri, kisha hunakili diski yake kwenye tisa zilizobaki. Asipokuwa mwangalifu, zote kumi huamka na jina moja, kana kwamba mama wa pacha amewaita wote wawili Kulwa na Doto hayupo. Mahali ambapo kompyuta zimesajiliwa kwenye seva moja inayozitambua, pacha wa pili akisajiliwa kwa jina lile anaweza kuchukua nafasi ya wa kwanza, na wa kwanza akakataliwa kuingia asubuhi inayofuata ingawa hana kosa. Mapacha hawa programu haiwezi kuwatenganisha kwa mbali kwa kuwaita jina. Hapo mtu lazima aende na kukaa mbele ya mashine.

Kubadilishana nako kuna hila yake. Tuseme mashine ya chumba A ichukue jina la chumba B, na ya B ichukue la A. Ukianza na yoyote kati yake, utaambiwa jina hilo lina mwenyewe. Ni kama kuwa na kikombe cha uji na kikombe cha maziwa, ukataka uji uhamie kwenye kikombe cha maziwa na maziwa kwenye cha uji: huwezi bila kikombe cha tatu. Moja ipewe kwanza jina la muda, nyingine ichukue nafasi iliyoachwa, kisha ile ya kwanza ikamilishwe. Kanuni ya siriali iliyotajwa juu huiondoa taabu hii, kwa sababu hakuna majina mawili yanayogombea kiti kimoja.

Na umeme? Kazi hii hufanyika jioni au mwisho wa juma, wananchi wakiwa hawapo dirishani, na ni katika saa hizo hizo ambapo umeme unaweza kukatika tukiwa kwenye mashine ya 19. Mashine iliyozimwa haisikii amri. Mpakato ulio vijijini na timu ya chanjo haupo kwenye mtandao kabisa. Kwa hiyo programu iandikwe ikijua kwamba itaendeshwa zaidi ya mara moja: ikikuta siriali fulani tayari ina jina jipya, ipite bila kulalamika, ikikuta mashine haipatikani, iandike na kuendelea na inayofuata. Jedwali lenye safu ya nne, iliyojazwa tarehe ya kukamilika, litaonyesha siku ya Jumatatu ni zipi zimesalia. Usiku mmoja hautoshi katika ofisi nyingi, na fundi anayeahidi usiku mmoja aulizwe maswali zaidi.

Jina jipya halianzi kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Kati ya amri na kuwashwa upya, seva inalijua jina jipya huku mashine yenyewe ikiendelea kujiita la zamani, na muda huo usirefushwe. Karani aliyeacha kazi yake wazi bila kuihifadhi ataipoteza, ndiyo maana tangazo kwa watumishi hutangulia, siyo kwa simu ya saa kumi na moja jioni bali siku kadhaa kabla.

Kinachosahaulika mara nyingi zaidi, na ambacho wewe mkazi hukilipia kwa kusimama, ni printa. Katika ofisi nyingi printa imechomekwa kwenye kompyuta moja, na nyingine huifikia kwa kuitaja kompyuta hiyo kwa jina. Mwenyeji akibadilishwa jina, wageni wote wanapotea njia. Kabla ya kazi kuanza iandikwe ni mashine zipi zina printa au mafaili ya pamoja, na baada ya kuwashwa upya njia hizo zielekezwe upya na ukurasa mmoja wa majaribio uchapwe kutoka kila meza. Mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari kupitia intaneti, kama TAUSI ya mapato ya halmashauri, kwa kawaida haijali kompyuta ya karani inaitwaje. Hivyo mhudumu anaweza kuona malipo yako yote kwenye kioo na bado akashindwa kukuchapia karatasi. Seva yenyewe, ikiwa ofisi inayo, iachwe kabisa nje ya orodha ya mkupuo. Ikihitaji jina jipya, ipangiwe siku yake na nakala rudufu ichukuliwe kwanza.

Msomaji anaweza kudhani kwamba taabu ya majina ni ya nchi zenye mitandao michanga. Sivyo. Mtandao uliozaa intaneti, ARPANET wa Marekani, uliendeshwa kwa miaka mingi kwa faili moja yenye majina ya kompyuta zote, iliyotunzwa katika taasisi moja mjini Menlo Park, California, na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina jipya aliwasiliana na ofisi ile, na ofisi hufungwa jioni. Kompyuta zilipokuwa nyingi, faili moja na watu wachache hawakuweza kwenda na kasi. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa majina yanayogawanywa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikitunza yake, na ndio unaotumika hadi leo kila unapoandika anuani ya tovuti kwenye simu yako.

Kwa wenye maduka ya kuchapa na kudurufu kandokando ya barabara ya Nyakanazi, wenye kompyuta mbili au tatu, ushauri ni kutojisumbua na programu yoyote. Fungua mipangilio, andika jina fupi, zima, washa, na uandike siriali na jina kwenye daftari la mali yako. Daftari hilo litakufaa zaidi siku ambayo kompyuta imeibwa na unatakiwa kituoni kueleza ni ipi. Shule yenye chumba cha kompyuta 20 ndipo hesabu inapoanza kubadilika; hapo mwalimu anaweza kuanza na mashine tatu, aache wiki ipite, aone nini kimeharibika, ndipo aendelee na zilizobaki.

Stika za nje zibandikwe mwisho kabisa, baada ya kila mashine kuulizwa jina lake na kujibu. Abandikaye aisome siriali kwa sauti, mwenzake aitafute kwenye jedwali, kisha stika itoke mkononi. Katika ofisi ile isiyotajwa, majina yaliporudiwa mara ya pili kwa utaratibu huu, aliyepewa kazi ya kusoma siriali kwa sauti alikuwa yule karani. Aliisoma kila moja mara mbili.